Damu ya Kuku Ilikaa Kulia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Miaka yote nilipotakiwa kuwahi kazini sikuwa na saa, nilikuwa nasikiliza kengele ya kanisa. Sasa sina pa kwenda, nimepata saa kubwa kama sinia la pilau. Basi nimekaa chini yake naandika mlichoniomba, yaani mambo ya maabara ambayo hayamo kwenye rejista. Vyeo sitavitaja, kwa sababu cheo changu cha kwanza na cha mwisho vinatofautiana kwa neno moja la Kifaransa. Mshahara nao niuache, mnalipwa na mkono uleule, mnaujua.

Nilianza kazi wakati wa Wabelgiji, nikiwa kijana sina hata ndevu za kunyoa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, kama alivyokuwa baba yake, na mimi nilisoma alif kwenye ubao wa mbao kabla sijajua kuna herufi inaitwa A. Baba alitaka nishone. Mimi nilishona mfuko wa suruali ya mteja ukafungwa pande zote, hauingizi hata kidole, akaniambia nenda katafute kazi kwa Wazungu, huko hawavai unachoshona. Nikaenda kwenye shule moja kubwa hapa mjini, nikapewa kazi ya kuosha chupa.

Mzungu wa biolojia tulimwita Bwana Lame. Lame ni vile vioo vyembamba, urefu wa kidole, tunavyoviweka chini ya mikroskopu. Alivipenda kuliko watu, na sidhani alikuwa akificha. Siku ya kwanza alinionyesha sinki, chupa za rangi, kitambaa cha kufutia, kisha akanipa sheria mbili. Ya kwanza: "Toi, tu prépares. Moi, je regarde." Wewe unatayarisha, mimi naangalia. Ya pili: boyi haandiki juu ya kioo. Kuandika A, kuandika B, ilikuwa kazi ya mwenye akili. Mimi nilitakiwa kuvilaza vioo kwenye trei kwa mpangilio na kurudi kwenye sinki langu.

Kazi yenyewe nilifundishwa vizuri, siwezi kukana. Damu, kwa mfano, mnaifanya haraka mno siku hizi. Choma kidole, futa tone la kwanza, tone la pili liweke karibu na ncha ya kioo. Chukua kioo kingine, kiegemeze juu ya tone kama mtu aliyechoka anavyoegemea ukuta. Damu ikitambaa kwenye ukingo, sukuma mara moja. Ukisita katikati utapata milia kama matako ya okapi. Acha ikauke kwa hewa, mwagia alkoli, halafu rangi, halafu maji. Usipulize. Mate yako hayamhusu mtu.

Damu ya kuku niliipata jikoni kwa mpishi wa mabweni. Damu ya mtu niliipata kwenye kidole changu cha nne cha mkono wa kushoto, kila muhula, miaka sita. Madarasa sita ya vijana walijifunza mwili wa binadamu kwa kidole hicho, wakachora, wakapewa alama, na mimi mwenye kidole sikuwahi kuona kilichomo. Ndugu zangu, wanafunzi wale walijua ndani yangu kuliko mke wangu.

Aliyenieleza kilichomo ni Papa Bonifasi. Huyu alikuwa msaidizi wa Bwana Lame, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mrefu, mwenye sauti nzito ya kuimbia kanisani, na suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Alisahihisha madaftari yote na Bwana Lame akatia sahihi. Mchana tulikula pamoja nyuma ya maabara, yeye na kwanga yake, ule mkate wa muhogo, mimi na wali wangu, na siku moja nikamwuliza hawa watoto wanatafuta nini ndani ya vioo vyangu.

"Noyau," akasema. "Kiini. Sikiliza, Ramazani. Mwili ya mutu iko na vyumba vidogo-vidogo mingi sana, hauwezi kuhesabu. Hivyo vyumba njo banaita seli. Bon. Ndani ya kila chumba iko malle, sanduku ya bati, kama ile mama yako anawekaka makaratasi. Malle njo kiini. Makaratasi iko ndani: pua ya baba, kimo ya mama, rangi, meno, byote."

"Kila chumba na sanduku lake?"

"Kila chumba. Isipokuwa damu. Seli nyekundu ya mutu ilitupa malle yake njiani, inatembea mikono mitupu. Ya kuku, hapana. Kuku anabeba malle yake mpaka ndani ya sufuria."

"Yaani damu yangu haina kitu cha baba yangu?"

"Iko seli nyeupe kidogo-kidogo ndani. Hizo ziko na malle. Lakini nyekundu? Zéro."

Jioni ile nilimweleza bibi yangu. Bibi alikuwa na desturi ya kutaja damu yetu kizazi kwa kizazi, mpaka kwa wale wafanyabiashara waliokuja na misafara kutoka mashariki, na hakuruka jina hata moja. Nikamwambia, bibi, imegundulika kwamba ndani ya damu nyekundu ukoo haumo. Alisogeza sahani yangu ya maharage mbali na mimi. Siku mbili nilikula kwa jirani.

Kisha uhuru ukaja. Bwana Lame alisema anakwenda likizo, akafunga kabati la mikroskopu na kuondoka na funguo. Nadhani bado anazo. Tulisubiri wiki kadhaa kwa heshima, halafu Papa Bonifasi akavua koti, akalitundika vizuri, tukang'oa bawaba za kabati kwa bisibisi. Katika wiki hiyohiyo yeye akawa profesa na mimi nikawa préparateur, mtayarishaji wa maabara. Hakuna aliyetupa mtihani. Nchi nzima ilikuwa imepanda darasa siku moja.

Kitu cha kwanza nilichofanya na uhuru wangu nilifunga mlango wa maabara. Nikachoma kidole changu cha nne, nikatandaza, nikatia rangi, nikageuza kile kioo cha chini kinachopeleka mwanga kuelekea dirishani, nikaangalia. Duara, duara, duara, nyekundu-nyekundu hivi, zimejaa kama watu sokoni, katikati zimepauka, hazina kitu. Na mojamoja, kubwa, peke yake, ina kiini cha zambarau kilichojikunja. Nililia. Ilikuwa nzuri, kweli, lakini nililia kwa hasira. Miaka sita nilikuwa nakatazwa kuangalia kitu kilichotoka kwenye kidole changu.

Sasa nakuja kwenye mtihani, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Ulikuwa mtihani wa kwanza bila Mzungu. Mjini watu walikuwa wakisema waziwazi, hata watu wetu wenyewe, kwamba hawa hawataweza. Papa Bonifasi hakulala vizuri wiki nzima. Wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa kumi na mmoja, na nafasi ya kwenda kusomea kilimo Yangambi ilikuwa moja. Kila mtu alijua itakwenda kwa Anselme. Kijana wa Isangi, mama yake mwuza samaki wa kukausha. Alikuja mjini kwa mtumbwi na sanduku la mbao kichwani. Mwembamba, macho makubwa, maswali hayaishi. Alikuwa akiniita yaya, kaka mkubwa, na mara nyingi alibaki baada ya somo kunisaidia kukausha vioo, ili aniulize kwa nini alkoli kwanza na siyo rangi kwanza.

Swali la vitendo lilikuwa mikroskopu mbili juu ya meza. A: damu ya kuku. B: damu ya mtu. Chora unachoona, onyesha kiini, sema kinahifadhi nini. Asubuhi Papa Bonifasi aliniita toka korido, "Ramazani, weka kuku wa kwanza, mutu nyuma!" Nikaweka. Kwangu mimi, cha kwanza ni kulia. Ubao wa chuo cha Kurani unaanza kulia, chakula kinaanza mkono wa kulia, msikitini unaingia kwa mguu wa kulia. Kuku kulia, mtu kushoto, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda zangu. Na juu ya vioo sikuandika kitu. Mzungu alikuwa ameondoka, lakini sheria yake ilikuwa imebaki mkononi mwangu. Papa Bonifasi akaja na vikadi vyake viwili, akavisimamisha kama alivyofundishwa na mapadri: A kushoto, B kulia. Hakuangalia ndani. Profesa haangalii kazi ya préparateur, angekuwa anamtukana.

Wanafunzi kumi waliinamia mikroskopu, wakafumba jicho moja kama inavyotakiwa, kisha wakaandika kile kilichokuwa kwenye daftari: A ina kiini, B haina. Michoro mizuri kabisa ya vitu ambavyo havikuwepo. Anselme akaandika: "Katika A sioni kiini. Katika B kila seli ina kiini. Ama vioo vimebadilishana, ama daftari linasema uongo."

Papa Bonifasi aliposoma hiyo, mishipa ya shingo ilimsimama.

"Daftari inasema uongo! Huyu mutoto anajifanya nani?"

"Pengine tuangalie," nilisema, lakini kwa sauti ndogo sana.

"Tuangalie nini? Bwana Lame hakukuwa anaangalia mara mbili. Mimi njo niangalie mara mbili, batu baseme mweusi hajui mtihani yake?" Akaandika sifuri, akaizungushia duara kwa wino mwekundu. Nafasi ya Yangambi ikaenda kwa kijana mwingine, mwandiko mzuri, ambaye nadhani mpaka leo hajawahi kuona seli.

Niligundua siku iliyofuata nikisafisha. Nilitoa kioo cha kushoto, nikakitazama kabla ya kukiosha, kwa sababu sasa nilikuwa natazama kila kitu kama mtu aliyetoka kifungoni. Nikaona damu yangu. Nikatazama cha kulia, nikaona kuku. Nikakaa kwenye ndoo. Ningeweza kwenda kwa Papa Bonifasi saa ileile. Nilijiambia matokeo yameshabandikwa, nilijiambia yatamwua mzee, nilijiambia kesho. Ukweli ni kwamba cheo changu kilikuwa na miezi michache na nilikipenda.

Anselme alikuja kuaga. Hakulia. Alisimama pale sinki na lile sanduku lake la mbao.

"Yaya Ramazani, we njo ulitayarisha. Niambie tu. Niliona mubaya?"

Na mimi, wallahi, nikamjibu: "Sijui, Anselme. Mimi natayarisha, siangalii."

Nimesema maneno mengi ya kipumbavu maishani, mke wangu ana orodha. Lakini hilo ndilo linaloniamsha. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda mtoni kutafuta mtumbwi wa kurudi kwao.

Miaka michache baadaye vita vya waasi viliingia mjini. Wengine wenu mmesoma habari zake, wengine mmesimuliwa na wazee wenu, kila mzee kwa upande aliojificha. Shule ilifungwa. Wapiganaji walivaa ngozi na majani, walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zikiwagusa zigeuke maji, na dawa hiyo ilikuwa na masharti mengi kuliko kanuni za shule yetu. Walianza kuwatafuta watu waliosoma, makarani, walimu, wale waliovaa suruali za pasi. Mimi nilirudi kushona na baba yangu. Mifuko ilikuwa bado inanishinda.

Asubuhi moja Mama Veronika, mke wa Papa Bonifasi, alifika mlangoni kwetu miguu mitupu. Mwanamke huyu hakuwahi kutoka bila viatu hata kwenda kuchota maji.

"Bamemukamata," akasema. "Banamupeleka mbele ya batu saa sita. Banasema iko kibaraka ya Bazungu. Na banasema tena, eti aliua maisha ya komanda. Bonifasi hata nzi hauwagi! Ramazani, komanda iko ndani ya shule. Banamwita Anselme."

Nilikuwa na nguo ya mteja mkononi. Niliiweka chini. Waliopelekwa mbele ya watu saa sita hawakuwa wanarudi kula, kila mtu mjini alijua. Nilimwambia Mama Veronika aketi na mama yangu. Nikavaa blauzi yangu nyeupe ya kazi, yaani koti la maabara, sijui kwa nini, huenda nilitaka nife nikiwa safi, nikaenda shuleni kwa miguu. Njiani niliogopa. Sitaki mnidhanie shujaa. Mara mbili niligeuka nyuma, mara mbili nikagundua kwamba nyumbani kuna Mama Veronika.

Anselme alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkurugenzi, ngozi ya chui kichwani, kidevu kimeota ndevu. Papa Bonifasi alikuwa sakafuni, mikono nyuma, suruali imepasuka gotini. Mezani palikuwa na kitabu cha alama cha mwaka ule, kimefunguliwa penye ile sifuri yenye duara. Katikati ya vita kijana huyu alikuwa amekitafuta kabatini mpaka akakipata.

"Yaya Ramazani," akasema, kama vile tulionana jana. "Unakuja kumuombea?"

"Nakuja kusema kwamba ni mimi."

Nikamweleza yote: kulia, kushoto, ubao wa chuoni, ndoo niliyoikalia. Papa Bonifasi aliinua kichwa akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Anselme alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Unamupenda huyu muzee, njo unabeba kosa yake. Mutu wa mikono kama yako hawezi kukosea vioo viwili. Onyesha."

"Nionyeshe nini?"

"Mtihani. Tufanye tena. Kuku na mutu. Nione na macho yangu kama niliona muzuri ao mubaya. Halafu nitajua nani anadanganya."

Kuku aliletwa na mpiganaji mmoja. Nilimtambua, alikuwa jogoo wa Mama Veronika. Kwa damu ya mtu nikanyoosha kidole changu cha nne kama kawaida. Anselme akasema hapana, yako unaijua, chukua yangu. Kisha akageukia mlango. Wapiganaji wake walikuwa wamesimama mlangoni wakituangalia, na mimi nikaelewa. Mtu ambaye risasi inageuka maji juu ya ngozi yake angetoka vipi damu kwa sindano ya préparateur?

"Mutoke," akawaambia. "Bote. Mufunge mulango."

Tukabaki watatu. Akanipa mkono, uso ameugeuzia ukutani kama mtoto kwenye chanjo. Nikachoma. Tone likatoka, jekundu, zuri kabisa, kama la mtu yeyote. Alilitazama muda mrefu.

"Hautasema," akanong'ona.

"Mimi natayarisha tu," nilisema, na safari hii akacheka kidogo.

Mkishafanya kazi hii miaka kadhaa mtajua kwamba mikono ina kichwa chake. Nilisukuma damu mara moja bila kusita. Nikakausha, alkoli, rangi, maji. Nikaweka mikroskopu mbili dirishani, nikapanga vioo. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nilikuwa naomba dua na wakati huohuo namtazama Papa Bonifasi, na jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Tayari," nikasema. "Kuku wa kwanza, mtu wa pili."

Anselme alivua ile ngozi ya chui, kwa sababu ilikuwa inamzuia kuinama. Akaangalia ya kushoto. Akaangalia ya kulia. Akarudi ya kushoto. Alisikika jogoo tu, ambaye alitobolewa bawa na bado alikuwa analalamika.

"Yaya," akasema bila kuinua jicho. "Hii ya kwanza haina kiini."

"Haiwezekani. Ya kwanza ni kuku."

"Haina kiini. Iko duara, mitupu. Ni mimi huyu." Akainuka, akanigeukia. "Umefanya tena! Leo, mbele yangu, mutu anakufa saa sita, na umeweka kuku kulia!"

Nikatazama. Ni kweli. Kuku kulia, mtu kushoto. Hakuna hakimu wala wakili angeweza kuupata ushahidi kama huo. Nilikuwa nimeutoa kwa ujinga wangu mwenyewe. Anselme alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka, na kilipoisha kicheko machozi hayakuisha.

"Niliona muzuri," alisema. "Siku ile. Niliona muzuri."

"Uliona vizuri," nilisema. "Wewe peke yako ndiye uliyeangalia. Nilijua kesho yake, na ulipokuja kuniuliza nikakudanganya. Nisamehe."

Anselme alimfungua Papa Bonifasi kamba, akamkalisha kwenye kiti cha mkurugenzi, akamwekea mbele kitabu cha alama, kalamu, na mhuri wa shule. "Sahihisha, Profesa." Papa Bonifasi, mikono imevimba, akakata ile sifuri kwa mstari ulionyooka, akaandika ishirini juu ya ishirini, akatia sahihi na mhuri. Halafu, nawaapia, akamwambia yule komanda aliyekuwa na bunduki mezani: "Lakini ile sentensi ya daftari kusema uongo haikuwa na heshima." Nilifumba macho. Anselme akasema, "Ndiyo, Papa," akatufungulia mlango.

Kabla sijatoka alinishika bega. "Yaya, mutu mukubwa kama we hajui kuandika A? Andika juu ya kioo."

Sikuonana naye tena. Wiki chache baadaye ndege zilikuja, na askari, na mji ukabadilisha watu wa kuogopa. Wengine walisema alivuka mto, wengine walisema mengine. Papa Bonifasi aliishi mpaka uzeeni. Miezi mitatu hakunisemesha, siyo kwa sababu ya kamba wala ya suruali, bali kwa sababu niliacha sifuri mbaya ikae kwenye kitabu chake.

Shule ilipofunguliwa nilirudi kwenye sinki langu. Vioo vile viwili vilikuwa pale dirishani bado. Cha kuku nilikiosha, kwa sababu vioo vipya havikuwa vinakuja. Hata ninyi mnajua tunavyoosha mpaka vinaisha kona. Cha pili nilikiacha kilivyo, nikachukua kalamu ya wino wa kioo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikaandika juu ya lame. Niliandika A, na chini yake, Anselme.

Miaka ilipita. Siku moja mlinzi aliniambia kuna mama ananiuliza. Mama mzee, kikapu cha samaki wa kukausha kichwani, amefika kwa boti toka Isangi. Alijitambulisha: Mama Anselme. Alikuwa amesikia kwamba kijana wake alipita hapa wakati wa vita, anataka kujua kama aliacha kitu. Nguo, barua, kitu chochote. Kaburi hakuwa nalo.

Nilitoa kile kioo kwenye sanduku. Kilichukua muda. Seli nyekundu zilikuwa maelfu, mitupu, hazina kitu cha mtu yeyote. Nilitafuta nyeupe moja nzuri, kiini kimetulia, rangi haijapauka, nikaileta katikati. Kisha nikamwelekeza namna ya kufumba jicho moja.

"Hicho cha zambarau, mama. Ni yeye. Hapo ndipo alipotunza kila alichorithi. Nusu ni yako."

Alikaa pale ameinama, kikapu miguuni. "Na nusu ingine?"

"Ya baba yake."

"Hiyo njo ilimupeleka vita," akasema. Lakini hakuinua jicho. Kisha akaniuliza, polepole, na nikaelewa kwamba hili ndilo lililompandisha boti. "Ule mwaka, alirudi nyumbani akaniambia: mama, nimeanguka mtihani, lakini niliona muzuri. Nikamujibu, mutu anayeona muzuri haangukake. Nikamwita mutoto wa bure. Mara ya mwisho tuliongea muzuri ilikuwa kabla ya ile siku. Sasa we ulikuwa hapa. Alianguka?"

Nilikwenda kabatini nikaleta kitabu cha alama. Hakujua kusoma, basi nilimshika kidole nikakiweka juu ya ishirini, na juu ya mhuri, ili auhisi. Nikamwambia aliyeanguka nilikuwa mimi, na namna nilivyoanguka, mara mbili. Sikumficha chochote, hata yale maneno ya pale sinki.

Hakunilaani. Alirudi kwenye mikroskopu, akafumba jicho kama nilivyomfundisha, akaangalia tena.

"Nakuona," alimwambia mwanawe. "Nakuona, papa. Uliona muzuri."

Kioo hicho kiko kwenye droo ya chini, upande wa kulia, ndani ya karatasi nyeusi. Msikioshe.